Pembe Iliyogusa Ardhi

Zamani za misafara, kabla reli haijapasua nchi na kabla bendera za kigeni hazijapandishwa pwani, mtu aliyetaka ndovu hakumfuata ndovu kwanza. Alimfuata fundi. Na fundi wa ndovu enzi hizo hakuwa mtu wa kuokotwa njiani! Alikodiwa na vyake vyote: bunduki zake za gumegume, wapagazi wake, dawa zake, njia zake, na lugha ya kusema na watemi ambao wewe hata majina yao huyajui. Ukimpata fundi umelipata bara zima. Siku hizi mambo hayo yamekwisha, hata neno lenyewe tumeliacha kwa washonaji na waashi, lakini waliowahi kuwaona mafundi wale waliwazungumzia mpaka wakaingia kaburini.

Basi katika enzi hizo, mji wa Mlingoni, mji mdogo wa pwani ya Mrima wenye msikiti wa mawe na minazi ya urithi, ulikaa msimu mzima bila jumbe. Jumbe mzee alikuwa amefariki. Mwanawe mkubwa, Mwekambi, alikuwapo, mzima wa akili na wa umbo, na hakuna aliyempinga. Kilichokosekana ni siwa.

Siwa ni baragumu ya pembe ya ndovu, ndefu, imechongwa na kutiwa pete za shaba. Mlingoni hapatawazwi jumbe siwa isipolia. Ile ya mababu ilikuwa imeteketea nyumba ya jumbe iliposhika moto, ikabaki jivu na pete zilizoyeyuka. Na desturi ya mji ilikuwa ngumu kama mpingo: pembe ya siwa hainunuliwi wala haiombwi, sharti ndovu wake apigwe kwanza kwa mkono wa mtoto wa jumbe. Mji wa jirani, wenye bandari kubwa na askari wa kukodiwa, ulikuwa umeshatuma salamu. Walisema mji usio na siwa si mji, ni mtaa, na mtaa huwekewa msimamizi. Watamleta wao, mwaka ukigeuka.

Mwekambi hakuwahi kuua hata paa. Alikuwa kijana wa barazani, kanzu nyeupe, kilemba cha hariri, makubadhi ya ngozi laini, hodari wa mashairi na wa kuchekesha watu. Lakini alipozisikia salamu zile hakucheka. Alikwenda Bagamoyo kumtafuta Fundi Nambunga.

Alimkuta nyuma ya kambi ya wapagazi, Mmakua wa makamo, mfupi, mwenye chale usoni na kovu lililoteremka kutoka begani hadi kiwikoni, akisugua mtutu wa bunduki kwa mafuta ya nyonyo. Mwekambi akatoa salamu zote za kiungwana na kueleza haja yake. Nambunga hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mtutu.

"Mwinyi, unataka pembe au unataka kuwinda?"

"Nataka pembe, Fundi. Ila sharti niwinde mimi."

"Hapo umenipa kazi mbili. Ya kumuua ndovu naiweza. Ya kukurudisha wewe na roho yako, sijui." Akamtazama juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Na vilivyo kule ni vyako?"

Vilikuwa vyake. Kitanda cha kamba, buli la kahawa na vikombe vyake, zulia, mwavuli, sanduku la nguo, na mpishi wa kutoka kwa mama yake, Bi Mwanasiti, ambaye aliamini mwanawe hawezi kula kilichopikwa na mwanamume mwingine. Nambunga akavizunguka vile vitu polepole. Kisha akaanza: kitanda, kwaheri. Zulia, kwaheri. Mpishi, salimia watu. Mwavuli akaufungua, akaufunga, akamkabidhi mpishi aondoke nao. Wapagazi walikuwa wamekaa wakicheka hadi machozi.

"Buli niachie," Mwekambi akasihi.

"Haya, buli lako, na ulibebe mwenyewe."

Kisha Nambunga akamkalisha chini kwa masharti. Yeye atatoa watu, baruti, risasi na njia. Mwekambi atatoa nguo za merikani na kaniki, na ushanga, vya kulipia hongo kwa watemi. Porini neno la fundi ni moja. Atamrudisha Mwinyi kwa mama yake, na Mwinyi naye atahakikisha Nambunga anarudi kusini kwa mkewe, Asinati, ambaye kila mumewe akiwa mwituni hukaa hasuki nywele wala hapaki mafuta, ili shari isimfuate. "Mke wangu ananingoja na nywele zimetimka," alisema. "Nikikawia majirani humcheka. Kwa hiyo mimi sikawii."

"Na jambo la mwisho. Ndovu akianguka, pembe iliyolalia ardhi ni ya mwenye nchi. Iliyo juu ni yetu. Huko tuendako hakuna anayecheza na hilo."

"Sawa, Fundi," alisema Mwekambi. Angekubali lolote siku ile. Wakashikana mikono.

Ee, safari zile! Alfajiri baragumu ya kirangozi, kiongozi wa msafara, milio ya kengele miguuni mwa wapagazi, mizigo ikinyanyuliwa kwa kelele na matusi ya mapenzi. Walipita Uzigua, wakapanda milima ya Usagara penye baridi ya kutetemesha meno, wakavuka mbuga ya chumvi, wakalipa hongo Ugogo hadi Mwekambi akahisi hata kanzu ya mwilini wataitaka. Makubadhi yalikatika mapema. Kilemba kikawa cha kuchujia maji ya madimbwi. Miguu ilimtoka malengelenge, yakapasuka, ikawa migumu. Jioni aliwapikia watu kahawa kwa buli lake na kuwatungia wapagazi mashairi ya kuwatania, kila mtu na ubeti wake, nao wakamwita Bwana Buli. Nambunga alimfundisha kupima upepo kwa jivu, kusoma kinyesi, kutembea bila kuvunja kijiti. Miaka mingi baadaye Mwekambi alikuwa akisema hakuwahi kuwa na furaha kama ile ya miezi alipokuwa hajui kitu na anafundishwa.

Wakaingia Ukimbu, nchi ya misitu ya miombo, kwa Mtemi Kalunde. Alikuwa mwanamke mnene mwenye bangili za shaba mikono yote miwili, na sauti ya upole iliyowafanya wazee wake wainame. Akapokea nguo, akawapa ruhusa na mtu wake mmoja wa kufuatana nao, mzee aitwaye Sizya, ashuhudie pembe ya ardhi.

Wakamwona ndovu wao kwenye bonde la matete. Dume, mzee, peke yake. Pembe ya kulia ilikuwa imevunjika karibu na mdomo. Ya kushoto, lo! Ilishuka ikapinda ikakaribia kugusa majani, nene, nyeupe kama maziwa. Hata Nambunga aliishiwa pumzi.

"Siwa hiyo," alinong'ona. "Lakini sikiliza vizuri. Umpige upande wa kulia, nyuma ya bega. Mguu wa kulia ukikatika ataanguka kulia, pembe yako itabaki juu. Akigeuka, mwache. Tutamfuata mpaka akae vizuri, hata kama ni wiki nzima."

Wakamzunguka, Nambunga mbele, Mwekambi nyuma yake. Mzee Sizya aliachwa mbali na wapagazi kwa sababu kifua kilimsumbua, na kikohozi kingewaharibia. Upepo ulikuwa mzuri. Kisha ukageuka ghafla, kama unavyofanya mabondeni. Ndovu akainua mkonga, akageuka, akaja.

Akamjia Nambunga. Fundi akapiga goti, akalenga, akafyatua, na jiwe la gumegume likatoa cheche tu. Baruti ilikuwa imeingia unyevu wa matete. Hakukimbia, maana hapakuwa na pa kukimbilia. Mwekambi aliyaona yote kutoka pale alipokuwa, na alipokuwa ni upande wa kushoto wa yule mnyama. Alijua vizuri sana ni upande gani. Akafyatua.

Ndovu akayumba, akapiga magoti, akaanguka kushoto. Nchi ikatikisika. Pembe kubwa ikazama kwenye udongo, na ile iliyovunjika ikabaki imeelekea mbinguni.

Nambunga alijishika kichwa, akajishika kifua, akajiona mzima. Kisha akatazama jinsi ndovu alivyolala, akaketi chini kama aliyekatwa miguu.

"Mwinyi, ulikuwa umeambiwa kulia."

"Ningekwenda kulia, wewe ungekuwa umekwisha."

Wawindaji wawili wa Nambunga wakafika mbio, wakaona, wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba Mzee Sizya bado hajafika, yuko nyuma anakohoa. Kamba zipo, miti ipo, watu wapo. Ndovu akigeuzwa sasa hivi, nani atajua?

Nambunga akazitazama kamba. "Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu," akasema. "Lakini roho yangu ni wewe uliyeniachia. Sema neno, Mwinyi, nitamgeuza."

Jamani, mtu asidhani ilikuwa rahisi. Mwekambi aliuona mji wake pale, baraza la baba yake, na msimamizi wa kuletwa amelikalia akitafuna tambuu. Akasema, "Mgeuzeni." Kamba zikafungwa miguuni, miti ikachomekwa chini ya mgongo. Nambunga mwenyewe akaishika kamba ya mbele, nao wakaanza kuvuta, na Mwekambi akamwona machozi yanamtoka, mtu mzima yule, chale zote zimelowa. Alikuwa analia huku anavuta.

"Acheni," Mwekambi akasema. "Acheni, kateni kamba. Siwezi kumfanya huyu mtu mwizi."

Sizya alipofika alikuta ndovu amelala alivyoanguka. Akatia tawi la mti kwenye pembe ya chini, ikawa ya Mtemi.

Mwekambi hakubisha. Alikwenda nayo hadi ikulu, akaketi chini mbele ya Kalunde kwa nguo zake zilizochanika, akamsimulia yote, na habari za kamba pia hakuzificha. Wazee wakaguna. Kalunde akamsikiliza huku anazungusha bangili.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema Mtemi.

"Najua, Mtemi."

"Na pembe unaitaka bado?"

"Naitaka kuliko kitu chochote."

Kalunde akatazama pembe, akatazama wageni. Wakati ule magenge ya ruga-ruga yalikuwa yanavizia nchi yake, yakichoma vijiji na kuchukua watoto, na yeye alikuwa na mikuki mingi lakini bunduki haba, wala hakuwa na mtu wa kufundisha watu wake. "Sitaki nguo zako," alisema. "Pembe ile ni ya ardhi. Ikitoka, ardhi ipate mtu mahali pake. Niachieni fundi huyu, akae kwangu maisha yake. Nanyi chukueni siwa yenu mwende kwa amani."

Nambunga akainamisha kichwa. "Nitakaa," alisema. "Mwinyi, nitakaa. Ila mtu aende kusini akamwambie Asinati asuke nywele."

Hapo Mwekambi akaona hawezi. Alipatana na mtu huyu Bagamoyo, mkono kwa mkono, kwamba kila mmoja atamrudisha mwenzake nyumbani.

"Mtemi," akasema, "ndovu nilimwangusha mimi. Nikae mimi."

Kalunde akacheka, si kwa dharau. "Wewe? Mtoto wa buli?"

"Nafundishika. Muulize Fundi."

Mtemi akamgeukia Nambunga. Nambunga alitaka kusema hapana, lakini kuulizwa habari za ufundi na kudanganya hakuweza. "Anafundishika," akasema. "Sijapata mwanafunzi kama yeye."

Ikawa imekwisha. Lakini lilibaki jambo moja, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Asubuhi ya kuondoka, pembe imekwishafungwa mtini tayari kubebwa, Mwekambi akamvuta Nambunga pembeni.

"Kwetu mdogo hatawazwi kaka yake akiwa hai. Kitembe ni mdogo wangu. Ukifika ukasema niko Ukimbu, siwa itakuwa pembe tu, na mji utamngoja mtu ambaye harudi, mpaka majirani waje. Kwa hiyo utasema ndovu ameniua."

"Mwinyi!"

"Utasema nilimpiga mimi kwanza, kwa mkono wangu, kisha akaniua, na watu wako wote waape hivyo. Mtanizika kwa maneno."

"Na mama yako? Nimtazame mama yako machoni nimwambie hivyo?"

Mwekambi alilia hapo, tena kwa sauti, bila kujificha. Nambunga akamshika mabega mpaka alipotulia. "Hata mama yangu," Mwekambi alisema mwishowe. Akampa kilemba chake kile kilichokuwa cha kuchujia maji, kiwe ushahidi. Msafara ukaondoka na baragumu yake, na yeye akabaki njiani amesimama mpaka vumbi likatua. Nambunga hakugeuka nyuma. Angegeuka asingeondoka.

Kazi aliyoachiwa Mwekambi aliifanya. Aliwafundisha vijana wa Kalunde bunduki, na ruga-ruga walipokuja aliwangoja kwenye bonde lile lile la matete akawavunja, wakakimbia wameacha watoto waliowateka, na hawakurudi tena enzi ya Kalunde. Alioa Mkimbu, Mlunde, mwanamke mkali wa maneno na laini wa moyo, ambaye huko Ukimbu ndiye peke yake aliyejua kisa kizima. Akawa fundi wa watu, jina lake likajulikana hadi Unyanyembe: Fundi Buli. Watu waliotaka kuwinda walimfuata yeye, naye akawazunguka wageni na mizigo yao akiwaondolea vitanda na mazulia. Alikuwa na kicheko cha zamani. Lakini jioni nyingine alikaa kimya, na Mlunde alijua yuko barazani Mlingoni, akawa anawakataza watoto wasimsumbue.

Miaka mingi ikapita, mvi zikaingia. Mchana mmoja akaja mgeni wa pwani kukodi fundi. Kijana mrefu, kanzu safi bado, ulimi wa kuchekesha. Akakaribishwa ugali na nyama ya pofu chini ya banda, akaulizwa kwao.

"Mlingoni," alisema. "Baba yangu ni Jumbe Kitembe."

Mlunde, aliyekuwa anamimina maji, akasita. Mwekambi akaendelea kumega tonge.

"Mlingoni hatujapasikia," alisema. "Pana nini?"

"Hamjapasikia! Fundi, sisi tuna siwa ambayo pwani yote haina mfano wake. Pembe moja, ndefu kuliko mimi. Majirani walitaka kututawala, wakaisikia inalia, wakarudi walikotoka." Kijana akachangamka, akasahau chakula. "Ndovu wake aliuawa na marehemu kaka yake baba. Mwekambi jina lake. Akafia huku huku bara. Ndiyo maana nimekuja, nami niwinde walau mmoja, nione alipopita."

"Mungu amrehemu," alisema Mwekambi.

"Amina. Lakini nyanya yangu hakupata kusadiki. Bi Mwanasiti. Fundi aliyeileta pembe alimletea na kilemba, nyanya akakinusa, akasema, mtu wa nguo hii hajafa. Watu wakamwonea huruma. Mpaka anakufa, siwa ikilia yeye hakumtazama jumbe. Alitazama njia ya bara."

Mlunde akamtazama mumewe kwa macho yaliyojaa, midomo ikimchezacheza, tayari kusema. Mwekambi alitikisa kichwa kidogo tu, akamnyamazisha. Neno moja kutoka kwake lingemfanya ndugu yake kuwa mtu aliyekalia kiti kisicho chake miaka yote ile, mbele ya mji mzima.

Akayanywa maji yake. Akaweka kata chini taratibu.

"Inaliaje hiyo siwa yenu?" akauliza. "Sisi huku washamba, hatujui vitu hivyo."

Kijana akacheka. Akanawa mikono, akaikusanya mdomoni, akavuta pumzi, akaiga. Ilianza chini, nzito, ikapanda polepole, ikakaa juu inatetemeka, ikashuka tena, na alikuwa hodari wa kuiga kweli, kwa maana alikua nayo tangu utotoni. Mbwa waliokuwa wamelala uani wakainua vichwa. Akaifuata hadi pumzi ya mwisho, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua, mzee alikuwa wima. Amesimama kwa miguu yote miwili, kichwa wazi, kofia yake ya ngozi mkononi, mikono imeteremka ubavuni.

Kijana akamwangalia kwa mshangao, tabasamu likamwishia mdomoni.

"Fundi," alisema, "nani alikuambia kwamba kwetu siwa ikilia watu husimama?"

Mwekambi akaivaa kofia yake.

"Hakuna, mwanangu," alisema. "Nimechoka kukaa."